Unayeshindana Naye Huenda Ndiye Muuzaji

Mei 2000, mchoro mmoja mkubwa wa rangi uliwekwa mnadani kwenye eBay, soko la minada la mtandaoni, bei ya kuanzia senti 25 za Marekani. Muuzaji alijifanya mtu asiyejua alichokishika: kitu alikipata zamani, mke hataki kukiona ndani ya nyumba, na mtoto amekitoboa akichezea baiskeli. Jina la msanii hakulitaja popote. Ila kwenye picha, pembeni, zilionekana herufi mbili na tarakimu mbili: RD52. Wanaoijua sanaa ya Marekani walimalizia wenyewe. Richard Diebenkorn, mchoraji wa California aliyefariki mwaka 1993, alikuwa akitia saini kwa mtindo huo huo. Mnada ulipofungwa, mtu wa Uholanzi alikuwa amefikia dola 135,805.

Siku chache baadaye eBay wakayafuta mauzo. Hawakuyafuta kwa kuwa mchoro ni wa kughushi, hilo lilikuja kujulikana baadaye. Waliyafuta kwa kuwa muuzaji alikuwa ametia dau kwenye mali yake mwenyewe. Muuzaji huyo, Kenneth Walton, alikuwa wakili wa Sacramento. Yeye na wenzake wawili walikuwa na majina ya mtandaoni zaidi ya 40, na kwa majina hayo walikuwa wakipandishiana dau katika mamia ya minada. Mwaka 2001 Walton alikiri makosa mahakamani. Zile herufi RD52 aliziandika yeye.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha saini ya uongo. Mimi naona saini peke yake isingefika popote. Mtu akiona herufi mbili kwenye picha yenye giza anabaki na shaka, na mwenye shaka hatoi laki moja ya dola. Kilichoiondoa shaka ni bei. Ilipotoka kwenye senti ikaingia kwenye maelfu, kila aliyekuwa akitazama alijiambia kwamba wapo wengine walioona alichokiona yeye, na huenda wanajua zaidi. Dau la mwenzako linakuwa shahidi. Sasa fikiria shahidi huyo ameletwa na mwenye kesi.

Katika biashara ya vitu adimu, bei ndiyo karibu ushahidi wote tulio nao. Kilo ya mchele ina kazi yake hata soko likilala. Stempu ya mwaka 1895 haina kazi, barua haitumwi nayo tena. Thamani yake yote iko katika swali moja ambalo wakusanyaji huulizana: ya mwisho iliuzwa ngapi? Ndiyo maana naamini mshindani hewa, yaani mtu anayetia dau kwa niaba ya muuzaji bila nia ya kununua, hamwibii mnunuzi mmoja tu zile dola alizomwongezea. Anachafua daftari ambalo kila mtu anayekuja baada yake atalisoma.

Tazama mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam. Mnadi anapaza sauti, fungu liko mezani, na anayetia dau unamwona kwa sura. Akishinda lazima alipe na abebe, maana samaki hangoji. Mwenye fungu akimtuma binamu yake apandishe bei, kisha binamu akabaki nalo mkononi, hasara itaanza kunuka kabla ya adhuhuri. Kwenye mnada wa sarafu, stempu au kadi zenye picha za wachezaji hakuna adhabu ya namna hiyo. Mshindani hewa akishinda kwa bahati mbaya, kitu kinarudi kabatini. Baada ya wiki chache kinatangazwa upya, na safari hii kina rekodi: "kiliwahi kufikia kiasi fulani."

Namna mchezo unavyochezwa inahitaji kuelezwa polepole, kwa sababu watu wengi hudhani ni kupandisha tu na kuomba Mungu mwingine apande juu yako. Kuna ufundi zaidi ya huo. Kwenye minada mingi ya mtandaoni hukai ukibonyeza usiku kucha. Unaandika kikomo chako mara moja, kinabaki siri, na mfumo unakupandishia kidogo kidogo kila mtu mwingine anapoingia. Ukishinda, unalipa hatua moja juu ya kikomo cha aliyekufuatia. Mpango huu ni wa zamani kuliko kompyuta. Wauzaji wa stempu Marekani walikuwa wakiutumia kwa madau ya barua tangu mwaka 1893. Mwaka 1961 mchumi William Vickrey, ambaye alipewa Nobeli mwaka 1996, alionyesha kwamba chini ya kanuni hiyo huna sababu ya kuficha thamani unayoiona kweli. Iandike yote, kwa kuwa hulipi ulichoandika wewe, unalipa alichoandika mwenzako. Hesabu ile ni safi, ila imesimama juu ya sharti moja: huyo wa pili awe mtu wa kweli. Muuzaji akikaa kwenye kiti cha pili, kikomo chako cha siri kinageuka kuwa bei yako.

Chukua mfano wa tarakimu. Umeandika kikomo cha dola 400, na bei inayoonekana ni 120 kwa sababu mtu wa pili aliishia hatua moja chini ya hapo. Akaunti ngeni inaingia na kuandika 1,000. Papo hapo mfumo unaonyesha 405, na muuzaji ameshajua unaishia 400. Akaunti ile inaliondoa dau lake: "samahani, nilikosea kuandika kiasi." Bei inarudi 120. Baada ya muda akaunti nyingine, yenye jina jingine kabisa, inaandika 395. Mfumo unakupandisha hadi 400, unashinda, unashangilia. Umelipa dola 280 zaidi ya bei ambayo mshindani wako wa kweli alikufikisha. eBay imeweka kanuni ya kubana ujanja huu: ndani ya saa 12 za mwisho unaweza kuondoa tu dau uliloliweka muda usiozidi saa moja. Kabla ya hizo saa 12, mlango ungali wazi. Kwa hiyo mtu anayeweka kikomo chake siku ya kwanza ya mnada wa siku saba anawapa watu siku sita na zaidi za kumpapasa mfukoni.

Na anayeshika mitambo ya mnada wala hahitaji kuhangaika hivyo, kwa sababu kikomo anakiona.

Mastro Auctions, karibu na Chicago, ilikuwa nyumba kubwa ya kunadi kumbukumbu za michezo nchini Marekani miaka ya 2000. Ilitoa vitabu vya mnada vinene vyenye picha nzuri, na wateja wake walikuwa watu wenye fedha. Ilifunga milango mwaka 2009 wakati wapelelezi wa FBI wakiichunguza. Bill Mastro, aliyeianzisha, alishtakiwa Julai 2012, akakiri Oktoba 2013, na mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha miezi 20. Aliyekuwa rais wa kampuni alifungwa muda mrefu zaidi. Kosa lao kubwa lilikuwa hili hili: madau ya uongo ya kupandisha bei, kwa akaunti za kubuni na kwa majina ya marafiki, miaka nenda miaka rudi, ndani ya nyumba iliyokuwa ikitazamwa kama kipimo cha bei cha sekta nzima.

Katika kesi hiyo hiyo Mastro alikiri jambo jingine ambalo kwangu linafundisha kuliko hukumu yenyewe. Kuna kadi ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, ya kundi linaloitwa T206, iliyotoka kwenye pakiti za sigara za American Tobacco Company kati ya 1909 na 1911. Nakala moja Mastro aliinunua mwaka 1985 kwa dola 25,000. Akaikata kingo kwa siri ili ionekane imenyooka. Mwaka 1991, kwenye mnada wa Sotheby's, mcheza hoki Wayne Gretzky na mshirika wake waliinunua kwa dola 451,000. Kampuni ya kupanga madaraja ya kadi, PSA, ikaipa alama 8 kati ya 10. Mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8. Sisemi kwamba bei hizo zilipandishwa kwa madau hewa, sina msingi wa kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba minong'ono ya kukatwa kwa kadi ile ilikuwepo miaka mingi kabla ya mtu kukiri, na kila mauzo mapya yaliizima. Kitu kilichouzwa nusu milioni kitakuwaje kibovu? Bei ilikaa mahali pa uchunguzi. Ndiyo nguvu anayoikopa mshindani hewa anapoandika tarakimu yake.

Wenye majukwaa ya minada nao wana kesi ya kujibu, ingawa si ile wanayotuhumiwa mara nyingi. Sheria zao zote zinakataza mchezo huu. Lakini kamisheni yao ni asilimia ya bei ya mwisho, na bei iliyopandishwa kwa uongo inawalipa sawasawa na ya kweli. Agosti 2021 eBay ilimwondoa mmoja wa wauzaji wake wakubwa kabisa wa kadi, kampuni ya PWCC, ikidai watu wenye uhusiano na kampuni hiyo walishiriki kupandisha madau. PWCC ilikana. Mimi si hakimu wao, na hatua ile ilikuwa ya kishujaa kibiashara. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo, wakusanyaji wa kawaida walikuwa wakikaa na orodha zao za madau, wakilinganisha majina na kuripoti bila kujibiwa.

Kisha hata kulinganisha majina kukawa kugumu. Zamani kidogo ungeona kwenye eBay jina kamili la kila aliyetia dau. Miaka ya 2000 ilipokuwa inakwisha, majina yakafichwa, yakabaki herufi mbili na nyota katikati. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli: matapeli walikuwa wakiwaandikia walioshindwa na kuwauzia bidhaa isiyokuwepo. Lakini dawa ile iliwapofusha pia wanunuzi waliokuwa wakilinda soko bila mshahara. Ningependa kuona kitu kimoja tu kutoka kwa wenye majukwaa: kwenye kila kumbukumbu ya bei, waandike kama fedha ililipwa au haikulipwa. Wao wanajua. Sisi hatujui, na ndiyo sababu bei hewa inaendelea kunukuliwa kama bei.

Zipo dalili zinazoweza kusomwa hata leo. Akaunti mpya isiyo na sifa yoyote, inayopanda hatua ndogo ndogo siku ya pili au ya tatu kisha inanyamaza ghafla. Akaunti inayotia dau mara nyingi kwa muuzaji mmoja na karibu haishindi. Madau yanayoondolewa mara kwa mara. Nikiona mbili kati ya hizi kwa pamoja, mimi huondoka. Hata hivyo nakataa kuzigeuza kuwa hukumu. Mgeni asiye na uzoefu naye hupanda hatua ndogo ndogo, kwa sababu ana hamu na hajui kanuni. Na mtu anayekusanya vitu vya Zanzibar anaweza kutia dau kwa muuzaji mmoja mwaka mzima kwa sababu rahisi kwamba ndiye pekee anayeviuza.

Hapo kwenye vitu vya Zanzibar ndipo msomaji wangu wa Muscat, Mombasa au Toronto anapoingia, maana wapo wanaonunua, na wengi hununua kwa moyo kabla ya akili. Mwaka 1895 Zanzibar ilianza kutumia stempu za India zilizochapwa juu yake neno Zanzibar. Uchapaji haukuwa makini, na baadhi zikatoka na kosa la "Zanzidar", ambalo leo hutafutwa sana. Stempu yenyewe ya India ya wakati ule ni rahisi kupatikana. Kinachotakiwa kuighushi ni wino na herufi chache, na wameighushi mno. Stempu za Kenya na Uganda za miaka ya 1920 zenye sura ya Mfalme George wa Tano, zile za pauni, ziko hivyo hivyo: nyingi zilitumika kulipia ushuru wa hati, halafu mtu akaosha wino wa kalamu na kugonga muhuri wa posta wa uongo. Mwenye kuuza kitu cha aina hiyo ana haja kubwa ya bei kuliko mwenye kitu halali. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kina miguu ya kukodi.

Tatizo la soko dogo kama hili ni hesabu tu. Kwenye kadi ya mcheza mpira maarufu wapo watu mamia wanaotazama, na mauzo ya nakala zinazofanana hutokea kila wiki. Bei moja ya uongo humezwa na bei thelathini za kweli. Kwenye sarafu ya riyali ya Sultan Barghash ya mwaka 1882, au stempu yenye kosa adimu, wanunuzi wa dhati kwa wakati mmoja wanaweza kuwa wawili au watatu. Mshindani hewa mmoja ni nusu ya soko. Na kwa kuwa nakala nyingine huenda isionekane tena kwa muda mrefu, bei yake ya uongo itakaa peke yake kwenye daftari, ikinukuliwa na wauzaji, na warithi wanaogawana mkusanyiko wa marehemu, na kampuni za bima.

Basi mnunuzi afanye nini? Ushauri wa kuchunguza akaunti nimeshautaja, na nauona kuwa wa daraja la pili. Wa daraja la kwanza ni kuamua bei kabla ya kuufungua mnada, kwa vitu visivyotoka ndani ya mnada huo: orodha za wauzaji wanaouza kwa bei isiyobadilika, bei ambayo wauzaji hao hao wangekubali kununua kwako, na mauzo ya nyumba mbalimbali yaliyopishana miaka. Vitabu vya katalogi kama Stanley Gibbons visikutie wazimu. Bei iliyoandikwa humo ni ile ambayo wao wangeuzia nakala nzuri dukani kwao, na sokoni kitu hicho mara nyingi hupatikana kwa chini sana. Kisha utoe ada ya mnunuzi, ambayo kwa nyumba nyingi ni asilimia 20 au zaidi, utoe posta yenye bima, utoe ushuru wa forodha wa kwenu. Kinachobaki ndicho dau lako. Aliyepanga kutumia dola 300 kwa jumla, akitia dau la 300, ameshapitiliza kabla hajashindana na mtu.

Dau hilo litie mara moja na litie mwishoni kabisa. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walichapisha mwaka 2002 utafiti kuhusu tabia hii ya kuvizia dakika za mwisho. Waliona imeenea eBay, ambako saa ikifika mnada umefungwa, kuliko kwenye minada ya Amazon ya wakati ule, ambako muda uliongezwa kila dau jipya lilipoingia mwishoni. Sababu zake ni kadhaa, lakini kwa mada yetu moja inatosha: sekunde tano zikiwa zimebaki, muuzaji hana nafasi ya kukupapasa. Nyumba nyingi za vitu adimu siku hizi huongeza muda, na hapo silaha hii huna. Umebaki na ile tarakimu uliyoiandika kwenye karatasi.

Wauzaji wana utetezi wao, nimewahi kuusikia kwa watu ninaowaheshimu: "Mimi nalinda mali yangu tu isiende bure." Sina huruma nao. Anayeogopa mali yake isiende bure anaweza kuanza na bei ya juu, au kuweka bei ya chini ya siri ambayo jukwaa linaitambua. Hata kwenye kumbi za New York na London mnadi anaruhusiwa kuita madau kwa niaba ya muuzaji mpaka kufikia bei hiyo ya siri, kwa kuwa masharti yametangazwa. Ikishavukwa, mdomo wake unatakiwa uite watu walio hai. Aliyeanzisha mnada kwa senti 25 ili kuvuta watu, kisha akawatuma ndugu zake walinde bei, anataka faida ya hatari bila hatari.

Sheria iko upande wa mnunuzi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania zimerithi kanuni ya Uingereza ya mwaka 1893: kama haki ya muuzaji kutia dau haikutangazwa, ni marufuku kwake kutia dau au kumtuma mtu, na mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo kuwa ya ulaghai. Mwaka 2010, mahakama ya Bradford ilimpa muuzaji mmoja wa eBay saa 250 za kazi ya jamii kwa kutia dau kwenye bidhaa zake kwa akaunti ya pili. Marekani, kanuni ya biashara inampa mnunuzi hiari ya kuvunja mauzo, au kuchukua kitu kwa bei ya dau la mwisho lililowekwa kwa nia njema.

Ujerumani ndiko walikofika mbali. Mtu alinadi gari la Volkswagen Golf kwenye eBay kwa kuanzia euro 1. Mgeni mmoja akatia hiyo euro 1, kisha mnunuzi wa pili akaingia, na kuanzia hapo muuzaji akapanda naye kwa akaunti nyingine hadi 17,000. Agosti 2016 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliyaondoa madau yote ya muuzaji kana kwamba hayakuwahi kuwepo. Likabaki dau la mgeni la euro 1, na hatua moja ya mnunuzi juu yake: gari lilikuwa limeuzwa kwa euro 1.50. Kwa kuwa muuzaji hakulitoa, alipaswa kulipa fidia ya euro 16,500.

Njia ile ya majaji unaweza kuitumia bila wakili. Kuna barua ambayo kila mkusanyaji huipata siku moja: ulishindwa mnada, halafu muuzaji anakuandikia kwamba mshindi hakulipa, je, utakichukua kwa kikomo chako? Mara nyingine ni kweli mshindi ametoroka. Mara nyingine ni binamu aliyepanda hatua moja kupita kiasi. Hakuna haja ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Fungua historia ya madau, mtoe huyo asiyelipa, mtoe na yeyote ambaye dau lake liliondolewa, uone bei ingeishia wapi. Katika mfano wetu wa hapo juu, kama akaunti ile nyingine ingepita kikomo chako ikashinda, ingeishia dola 120. Mwandikie muuzaji kiasi hicho, na ungoje jibu lake.